Mama ni Pua

Jirani yangu amechinja mbuzi kwa ajili ya harusi ya binti yake, na ngozi ameitundika juu ya ukuta tunaochangia, upande wa chumba changu cha kulala. Mvua imeinyeshea usiku kucha. Asubuhi nimefungua dirisha, harufu ikaingia bila hodi, nikalifunga, nikamtuma mjukuu akamwambie aiondoe. Jibu lililorudi ni kwamba mimi ni bibi mwenye pua ya kizungu. Sawa. Jirani huyo ni mdogo kwangu, hataelewa. Lakini ninyi wa rika langu mliosoma shule za misioni pale Kalemie enzi za Zaire, mliocheza na kuimba chini ya bendera kila asubuhi kabla ya kuruhusiwa kushika kalamu, ninyi nitawaambia kwa nini sitaki ngozi mbichi ya mbuzi karibu na kitanda changu.

Lazima nianze na jina, maana bila hilo hakuna kitakachoeleweka. Niliitwa Jalala. Ndiyo, jalala hilohilo la kutupia taka. Na kwa kuwa majina ya kizungu yalikuwa yamekatazwa wakati ule, hata jina la ubatizo la kujifichia shuleni sikuwa nalo. Kila asubuhi mwalimu alisoma majina, akafika kwangu, darasa zima likacheka upya kana kwamba jana halikucheka.

Mama alizika watoto watatu kabla yangu. Wa kwanza, Yumba, alifika hata kutembea. Wengine wawili hawakufika mbali. Kwetu, mwanamke akizika mfululizo hivyo, watu husema kifo kimeizoea nyumba yake. Basi mtoto anayefuata hufichwa, na hafichwi chumbani, hufichwa mbele ya macho ya watu. Siku niliyozaliwa mama alinipeleka kwenye jalala la mtaa, akaniweka juu ya majivu na maganda ya mihogo, akaondoka bila kugeuka. Mama Sifa, jirani yetu aliyeuza mawese, akapita kana kwamba ni bahati tu, akaniokota. Jioni akanirudisha kwa mama, akasema: nimeokota hiki kitu, nilelee, lakini si chako. Mama akajibu kwamba ni kibaya, ila atakilea kwa kipimo cha chumvi. Chumvi ikatolewa, mapatano yakaisha. Kuanzia hapo mama hakuruhusiwa kunipenda. Asinibebe, asiniite mwanangu, asinisifu, asinililie nikiumwa. Kifo kikichungulia nyumbani, kikute takataka ya watu, kiende zake.

Haya nayajua leo kwa sababu Mama Sifa alinieleza, mama akiwa ameshazikwa na mimi nina watoto wangu. Wakati ule sikuambiwa neno. Mtoto akiambiwa atasema, na akisema dawa imekufa. Mtaa mzima ulijua, wakubwa wote, mimi nikawa sijui. Kwamba nilitupwa jalalani nilijua, watoto wenzangu walinikumbusha kila siku. Kwa nini nilitupwa, hilo ndilo hakuna aliyenieleza.

Nilichokiona mimi ni hiki: mama wengine wa mtaa wetu, kule karibu na Lukuga, walibeba watoto wao. Mvua ikinyesha na maji yakijaa njiani waliwabeba hata wale wakubwa ambao miguu yao inaburuzika. Mama yangu alinivusha kwa kunisukuma mgongoni kwa kidole. Nikianguka anasema, "Inuka, takataka." Nikishikwa na malaria anakaa mlangoni, ananipa mgongo, anachambua maharage yake, na majirani wakipita wanatikisa kichwa wakisema Mama Yumba anajua kulea. Ndivyo walivyomwita, Mama Yumba, kwa jina la marehemu kaka yangu. Kumwita Mama Jalala hakuna aliyethubutu. Papa, baba yangu, alikuwa kazini kwenye reli, huko Kabalo, anarudi mara chache na samaki wa mto, na hata akirudi alinitazama kama mzigo wa abiria mwingine.

Basi nilitaka kitu kimoja tu duniani: mama anibebe. Sikutaka safari ndefu. Ningeridhika na kutoka mlangoni mpaka kwenye mbabula, jiko la makaa pale uani, halafu aniteremshe. Nilikuwa na miaka kama tisa, mrefu kupita wenzangu, na bado nilikitaka kitu hicho kwa njaa ambayo bukari, ugali wetu, haiwezi kuishibisha. Nikiwa kitandani nilikuwa najipanga namna mikono yangu itakavyoshika shingo yake, ili siku ikifika nisikosee.

Mwaka huo tukapata mwalimu mpya. Alikuwa kijana wa Kongolo aliyesoma Lubumbashi, anapiga pasi suruali yake kila siku, na alikuja na kitu ambacho hatukuwahi kukiona kwa mwalimu yeyote: kamera ya sinema, ndogo, ya kushika kwa mkono mmoja, pamoja na mashine yake ya kuonyeshea. Aliachiwa na mzungu aliyemfundisha, ambaye alikuwa amerudi kwao. Filimu zilikuwa kwenye boksi la mbao. Ikishapigwa moja, padri mmoja aliisafirisha Ulaya kusafishwa, kwa meli hadi Bujumbura, halafu kwa ndege. Sisi tulikuwa tunasahau kabisa, mvua inakuja na kuisha, ndipo filimu inarudi. Tulimwita Mwalimu Kamera, wala hakuchukia.

Vitabu hatukuwa navyo, na yeye alisema afadhali. "Kitabu kinasema tu," alituambia. "Kamera inaonyesha. Mimi nitawafundisha tabia za wanyama kwa macho yenu wenyewe." Alitaka inspekta wa shule aje, aone, amhamishie mji mkubwa. Akaanza na mjusi wa ukutani, akaja kwa kunguru wanaoiba ndagala, dagaa wa ziwani, zilizoanikwa mchangani, akaja kwa kuku wanaogombea punje. Watoto wa leo wenye simu mikononi hawawezi kujua maana ya kumwona kunguru wa mtaani kwenu amekuwa mkubwa kuliko mlango, yuko juu ya shuka lililotundikwa mbele ya darasa, hana sauti, anageuza kichwa anakutazama wewe. Wengine walikimbilia nyuma ya shuka kumtafuta. Nilimpenda mwalimu yule. Niseme wazi, kwa sababu nitakayoyasema mbele hayatafanana na mapenzi.

Halafu akaja kwa mbuzi wa misioni. Siku ya kuionyesha filimu hiyo madirisha yalizibwa kwa mablanketi, mashine ya umeme ya mapadri ilikuwa inanguruma nyuma ya ukuta, na sisi tulibanana chini mpaka jasho la mwenzako linakuwa lako. Kwenye shuka mbuzi alikuwa anazaa. Kitoto kilianguka, kinang'aa, na kabla mama yake hajageuza shingo mkono wa mtu ukaingia, ukakichukua. Ulikuwa mkono wa Mwalimu, tuliijua saa yake. Akakiosha kwenye beseni kwa sabuni, akakikausha, akakifungia kwenye kreti. Kisha tukaona kivuli cha mti kimesogea hadi upande wa pili, na kitoto kinarudishwa. Kilikwenda kwa mama yake kikitetemeka. Mbuzi alikinusa, akarudi nyuma, akakipiga kwa pembe. Kikainuka, kikarudi. Akakipiga tena, kikagonga ukuta wa zizi. Kilirudi mara nyingi kuliko mnavyofikiri, na kila mara darasa lilicheka kidogo zaidi.

Mwalimu alisimama kando ya shuka na fimbo yake. "Munaona? Alimuzaa yeye mwenyewe, na sasa anamukataa. Kwa nini?" Akamwonyesha mbuzi kwa fimbo. "Kwa sababu hakumuramba. Saa ile ya kwanza njo yenye kazi. Mbuzi anamujua mutoto kwa harufu. Ukiosha harufu, umeosha mutoto." Akagonga pua yake kwa kidole. "Mama si roho. Mama ni pua."

Kutoka nyuma mtoto mmoja akasema, "Mwalimu, ni kama Mama Yumba na Jalala." Darasa likapasuka kwa kicheko. Nilidhani Mwalimu atamchapa. Badala yake alinitafuta kwa macho gizani, akaniona, akanitazama kwa hamu ileile aliyokuwa anamtazamia mjusi.

"Ni kweli, Jalala? Mama yako hakutaki?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Hata kukushika?"

"Hata kunishika."

"Kumbe," alisema, na akarudi kwenye shuka lake.

Sehemu ya pili ilikuwa na mbuzi mwingine, naye alikuwa amezaa siku zilezile. Kitoto chake hakikufa chenyewe. Mwalimu alihitaji ngozi, akamwambia mlinzi wa misioni achinje, na nyama, mnajua mishahara ya walimu enzi zile, ilikwenda kwake. Tulimwona mlinzi anachuna. Tulimwona Mwalimu anakivisha kile kitoto kilichokataliwa ngozi ya mwenzake, mbichi, anapitisha kamba chini ya tumbo, anafunga fundo. Kitoto kilitembea kama mlevi ndani ya koti la mtu. Kikasukumwa kwa yule mama aliyefiwa. Alikinusa mkiani, akanusa mgongoni, akanusa tena, kwa muda mrefu. Kisha akasimama, akapanua miguu, akakiacha kinyonye. Makofi yalipigwa. Mimi sikupiga. Nilikuwa nimeelewa kila kitu, au nilidhani nimeelewa. Tatizo langu lilikuwa harufu. Jalala liliondoa harufu ya mama kwangu kabla hajanijua, na sasa nimejua dawa yake.

Chini ya kitanda cha mama kulikuwa na kantini, lile sanduku la bati la safari. Mara nyingine jioni, akidhani nimelala, mama alikuwa analivuta, anafungua kifuniko, anainamisha uso ndani, anavuta pumzi, analifunga. Hakutoa kitu. Alinusa tu. Sasa niambieni, mtoto aliyetoka kufundishwa kwamba mama ni pua angefikiri nini?

Nilisubiri aende ziwani kununua ndagala za kukausha. Kwanza nilioga kwa sabuni ya mawese, nikajisugua mpaka ngozi ikauma, kama kitoto cha mbuzi kilivyooshwa. Kisha nikalivuta kantini. Juu kabisa zilikuwa nguo za Yumba: fulana ya sufu ya njano, na kofia yake ya sufu yenye nyuzi za kufungia kidevuni. Zilikuwa za mtoto anayejifunza kutembea, mikono yangu haikuingia. Nikafanya kama Mwalimu. Fulana nikaiweka mgongoni, nikapitisha kamba kifuani, nikafunga fundo. Kofia ilikaa utosini, haikushuka zaidi. Nikasimama nyuma ya mlango, na nakumbuka nilikuwa na furaha, furaha ya mtu anayejua leo ni leo.

Mama aliingia na beseni kichwani. Alikuwa ametoka juani, macho yake hayajazoea giza la nyumba. Nilimsogelea polepole, nikainamisha kichwa, nikakiegemeza tumboni kwake, ili anuse.

Na hapa nataka mnisikilize vizuri. Ilifanya kazi. Niliisikia pua yake ikivuta hewa. Mkono mmoja ulibaki kwenye beseni, mwingine ukashuka juu ya kofia, ukaipapasa, taratibu, kwa namna ambayo sikujua kwamba mkono ule unaweza. "Yumba," akasema. Sikujali kwamba si jina langu. Ningeitwa hivyo maisha yangu yote.

Halafu macho yake yakazoea giza. Beseni lilianguka, ndagala zikamwagika mpaka chini ya kitanda. Alichukua mwiko wa bukari na kunipiga nao. Alinipiga mgongoni, mikononi, kichwani juu ya kofia ileile. "Unawaita?" aliuliza. "Unataka wakuone? Unataka wakuone?" Sikujua ni akina nani. Nilisema, "Nanuka vizuri sasa," na hapo ndipo mwiko ulipovunjika. Akaikata kamba kwa kisu, akanivua zile nguo, akazipeleka uani, akazitia kwenye mbabula. Kisha akarudi ndani, akalichukua kantini lote, na kila kilichokuwa ndani, vya Yumba na vya wale wawili wengine, akakichoma. Sufu inanuka vibaya ikiungua. Alikaa akiangalia mpaka mwisho, hakulia, na mimi mlangoni, damu ikinitoka sikioni, nikafikiri kwamba mama anaona afadhali kumchoma Yumba kuliko kumwona juu yangu.

Leo najua. Miaka yote ile alikuwa anakipotosha kifo njia, na mimi nikajivika nguo ambayo kifo kinaijua. Najua, nimeelezwa, nimekubali. Sikio lile bado halisikii vizuri.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi, siku ya salongo, ile kazi ya lazima ya kufagia mji. Mtaa mzima ulikuwa nje na mafagio na makarai. Shule yetu ilikuwepo pia, na Mwalimu alikuwa na kamera yake, maana alitaka inspekta aone wanafunzi wanavyofanya kazi. Mama alitoka nyumbani amenikamata kiunoni kwa nyuma, miguu yangu inaburuzika, mikono yangu haina pa kushika. Mtu asiniambie kwamba huko ni kubebwa. Hivyo ndivyo anavyopelekwa mbuzi wa kuchinjwa. Alinipeleka mpaka jalalani, akanitupa juu yake, akasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu: "Hii si yangu. Niliokota takataka, sasa nimeichoka. Mwenye kuitaka aichukue." Akarudi nyumbani bila kugeuka, mlango ukafungwa.

Majirani walijua wanachokiona. Walijua pia kwamba takataka lazima ihesabike kuwa takataka kwelikweli, la sivyo ni mchezo, na kifo hakidanganywi kwa mchezo. Kwa hiyo waliendelea na salongo. Walileta makarai yao na kuyamwaga palepale nilipokaa. Mama mmoja aliyezoea kunipa muhogo wa kuchoma alinimwagia maganda miguuni bila kunitazama usoni. Wanafunzi wenzangu hawakujua lolote, lakini waliona wakubwa wanamwaga, nao wakamwaga. Wao walilenga kichwa.

Mwalimu Kamera alikuja karibu, akachuchumaa, kamera ikawa inalialia usoni pake. Mtu wa Kongolo, lazima alijua desturi ile, au labda alikuwa amesoma mpaka akaisahau. Nilimwangalia. Nilidhani ataninyanyua.

"Usinitazame mimi," alisema. "Tazama kule kwa mama."

Nikatazama kule.

Mama Sifa ndiye aliyepaswa kuniokota, kama mara ya kwanza, lakini alikuwa stesheni anasubiri mapipa yake ya mawese, na treni kutoka Nyunzu ilichelewa. Watu walimaliza kufagia, wakaenda kula. Jua lilizunguka. Mtu mwingine hakuniokota, kwa sababu habari ya nguo za marehemu ilikuwa imeshaenea, na nani anataka kuingiza hilo nyumbani kwake. Mama Sifa alipofika, jua likielekea kuzama, alisimama mbele yangu na kusema, "Haya, takataka, twende kwangu." Safari hii hakunirudisha. Mama alikataa. Alimwambia safari hii iwe kweli.

Nikaishi kwa Mama Sifa. Alinilisha, alinitumikisha, sina lawama naye. Nyumba yetu ilikuwa ng'ambo ya njia, naona moshi wake, nasikia mama akikohoa. Tukikutana kisimani alichota maji yake na kuondoka. Nilimsalimia kwa muda, kisha nikaacha. Lakini ile hamu haikuacha, na hiyo ndiyo sehemu ninayoionea aibu kuliko kipigo: bado nilitaka yuleyule, si mwingine, na nilitaka anibebe.

Filimu iliporudi kutoka Ulaya mvua nyingine ilikuwa imeanza. Madirisha yakazibwa, tukabanana. Mwalimu alisema leo tutalinganisha. Akaonyesha kwanza mbuzi na kitoto chake, tukaona tena kinavyogongwa ukutani. Kisha akabadilisha, na juu ya shuka nikamwona mama yangu anatoka mlangoni, mkubwa kuliko mlango wa darasa, amenikamata kiunoni. Kicheko kilianza kabla hajanitupa.

"Ile ya mbuzi tulijua sababu," Mwalimu alisema. "Na hii ya muntu?" Akanigeukia. "Jalala, tuambie. Ulifanya nini?"

"Sijui, Mwalimu."

"Muntu hatupwi bure," alisema. "Fikiri, utatuambia kesho."

Filimu ikaisha. Basi, kulifurahisha darasa, akagusa kitu kwenye mashine, ambacho kabla ya hapo hakuwahi kukigusa, na picha zikaanza kwenda kinyumenyume. Sijawahi kusikia watoto wakicheka vile. Maganda yaliruka kutoka kichwani kwangu yakaingia kwenye makarai ya wenzangu. Majirani walikuja wananisafisha, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja anaondoka na taka zake, mpaka nikabaki safi. Kisha mlango wa nyumba yetu ukafunguka. Mama akatoka kwa mgongo, akaja moja kwa moja kwangu, akainama, akanyoosha mikono, na mimi nikainuka kutoka kwenye uchafu nikaingia kifuani pake. Akanibeba. Alinibeba njia yote, mtaa mzima unatazama, kuelekea nyumbani. Tulikuwa tunafika mlangoni Mwalimu alipozima. Alisema ampule, taa ya mashine, inaungua.

Kumbukeni nilikuwa na umri gani. Kila ambacho shuka lile lilituonyesha kilikuwa kweli, kunguru kweli, mbuzi kweli, mimi na mama jalalani kweli. Na hili nililoliona mwisho lilikuwa halijatokea. Basi lilikuwa bado linakuja. Wenzangu walicheka kwa sababu walidhani ni mchezo, mimi nilikaa kimya kwa sababu nilikuwa nimeonyeshwa.

Shule ilipotoka sikwenda kwa Mama Sifa. Nilikwenda jalalani, nikatafuta mahali palepale, nikakaa vilevile, uso kuelekea nyumbani kwetu. Sikukaa sana. Mlango ulifunguka, mama akatoka na karai la majivu. Nilitegemea aje kwa mgongo. Alikuja kwa mbele, nikasema moyoni haidhuru. Aliponiona alisimama. Nilinyoosha mikono, juu, tayari kwa shingo yake, na nikasema, "Mama." Sikuwa nimelisema neno hilo tangu aliponitoa nyumbani.

Alitazama njia upande huu, akatazama upande ule. Wanawake wawili walikuwa wamekaa uani kwao wanasuka nywele, wameacha kusuka. Mama akanyanyua karai, akanimwagia majivu kichwani. Yalikuwa bado na moto kidogo. Akaligonga karai kwa kiganja lisibaki na kitu, akalishika ubavuni, akaenda zake, na mimi nikauangalia mgongo wake mpaka mlango ulipofungwa, mikono yangu ikiwa bado juu.

Surua ilipita mtaani mwaka ule, ile mbaya. Iliingia nyumba kwa nyumba. Yule mtoto aliyekaa nyuma darasani aliyenitania ilimchukua, na mdogo wake. Kwa Mama Sifa haikuingia, mimi sikupata hata kikohozi. Nimefika umri huu, nimezaa, nina wajukuu, niko hai. Na kisimani, wanawake waliozika walimpisha mama achote maji kwanza, wakasema hakuna mwanamke Kalemie anayejua kumpenda mtoto kama Mama Yumba.